Usiku Usio na Mistari

Jibu lilirudi tupu. Kwenye kioo cha kompyuta vilibaki vichwa vya jedwali peke yake, saa, namba, mnara, hali ya simu, na chini yake weupe, kama mkeka uliotandikiwa wageni ambao hawakutokea. Shamila aliutazama weupe ule kwa muda mrefu kuliko ulivyostahili. Nyuma ya kiti chake walikuwa wamekaa wanaume wawili, na alijua kwamba akigeuka tu itambidi aseme neno, na neno lenyewe halikuwa jema.

"Imesemaje, dada?" aliuliza aliyekaa karibu na mlango.

Huyo alikuwa Ngollo, mkulima wa Lusu, mtu mrefu aliyekunja mabega kana kwamba dari la chumba kile lilimlemea. Pembeni yake, nafasi ya mtu mzima ikiwa imeachwa wazi katikati yao, alikaa shemeji yake Erasmus. Hawakuwa wamekuja pamoja. Ngollo alikuja Tabora kutafuta neno la kumwokoa. Erasmus alitumwa na baba yake, mzee Luhende wa Choma, aje alisikie neno hilo kwa masikio yake mwenyewe lisije likatiwa chumvi njiani.

Kilichowaleta kilikuwa kifo cha Julieth, mke wa mmoja na dada wa mwingine. Uchungu wa mimba yake ya kwanza ulimshika usiku wa mvua kubwa. Ngollo alisema alipiga simu kituoni kuomba gari la dharura, akapiga tena na tena, gari halikuja. Kulipoanza kupambazuka alifunga ng'ombe kwenye mkokoteni, akamlaza mkewe juu ya magunia, wakaingia njiani. Mtoto alizaliwa kwenye tope, kati ya mashamba mawili ya mpunga, akalia. Mama yake alivuja damu kimyakimya mpaka ikamwisha, na mkokoteni ulipofika zahanati walikuwa wamefika wawili badala ya watatu.

Baada ya matanga wakwe walimchukua mtoto wakaenda naye Choma. Walisema Ngollo hakupiga simu yoyote. Kwamba alitaka mkewe ajifungulie nyumbani, mikononi mwa mama yake, kama wanawake wote wa ukoo wao walivyojifungua. Asikanyage Choma, wakasema, mpaka siku atakayoleta ushahidi kwamba aliomba msaada. Simu yake ilikuwa kitochi, simu ndogo ya vitufe isiyoweka kumbukumbu ila za simu chache za mwisho, na kwa kitochi hichohicho alikuwa amewapigia ndugu, majirani, wachimba kaburi na mwalimu wa kwaya. Taarifa za msiba ziliufuta usiku ule.

Ndiyo maana alikuja hapa, kwenye nyumba hii ya kupanga ya Mtendeni yenye mnara mdogo juu ya bati, ambako shirika la magari ya dharura lilikuwa limeweka kituo chake cha wito. Simu za vijijini ziliingia hapa, mtambo ukazipokea na kumtafuta dereva aliye karibu. Kazi ya Shamila haikuwa kupokea simu. Yeye alitunza logi, zile kumbukumbu ambazo mashine hujiandikia zenyewe kila zinapofanya jambo. Kila simu iliyoingia iliacha mstari wake kama nyayo kwenye vumbi. Programu ya kusimamia logi ikaikusanya mistari hiyo na kuipanga kwenye majedwali, na Shamila akayauliza majedwali kwa SQL, lugha kavu isiyojua hodi wala pole: chagua hiki, kutoka pale, ikiwa hivi.

Aliipenda lugha ile. Alikulia katika nyumba ya mafundi bati, barazani ambako neno moja huzunguka mtaa mzima kabla ya kufika linakokwenda, ambako mtu akiulizwa "umekula?" hujibu kwa habari za shangazi yake. Alipojifunza chuoni kwamba ipo lugha ambamo swali likiulizwa vizuri jibu halina budi kuja, alihisi kama mtu aliyepewa ufunguo wa chumba kisicho na kelele. Kwa miaka yote aliyofanya kazi hapa aliamini kwamba palipo na swali sahihi hapakosi ukweli.

"Bado," alimjibu Ngollo. "Ngoja niulize kwa njia nyingine."

Pengine namba ilihifadhiwa na msimbo wa nchi mbele yake. Pengine bila sifuri. Aliandika upya, safari hii akitafuta mkia wa namba tu, kichwa chake kiwe chochote. Utupu ukarudi. Akauliza kwa mnara wa Lusu, bila kujali namba. Utupu. Akaondoa sharti la mnara, akaomba kila simu iliyoingia usiku ule kutoka popote, tangu giza lilipoingia hadi kulipokucha, na hapo mistari ikaja: michache ya mwanzo wa usiku, mjamzito wa Igunga, mtoto mwenye degedege wa Urambo. Kisha ikakatika. Mstari uliofuata ulikuwa wa asubuhi, jua limekwisha toka.

Palikuwa na jedwali jingine, ambalo watu hawakulijali. Mtambo ulikuwa umepangwa kujiandikia neno moja kila dakika, hata kama hakuna mtu aliyepiga: nipo. Nipo, nipo, nipo, mchana na usiku, kama mapigo ya moyo. Akauliza jedwali hilo. Mapigo yalikwenda vizuri mpaka mvua ilipochanganya, yakasimama, na hayakurudi mpaka asubuhi.

Aligeuza kiti.

"Usiku ule mtambo wetu ulikufa," alisema. "Haukupokea simu ya mtu yeyote, si ya kaka Ngollo peke yake."

Ngollo alifumba macho. Kwa mara ya kwanza tangu aingie mabega yake yalishuka, na Shamila akaona kwamba alikuwa kijana kuliko alivyodhani.

"Nilisikia sauti ya yule mwanamke," Ngollo alisema. "Namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Kila nikipiga, yeye huyohuyo."

"Subiri," Erasmus alisema. Alikuwa mtu wa maneno machache, mwalimu wa shule ya msingi, na aliyachagua kama anayechambua mchele wenye mawe. "Mashine yenu inasema shemeji alipiga?"

"Mashine haikuwepo, kaka. Ilikuwa imekufa."

"Nimekuuliza kama inasema alipiga."

"Haiwezi kusema. Lakini pia haisemi kwamba hakupiga. Utupu huu si hapana."

"Ni ndiyo?"

Shamila aliutazama tena ule weupe. Katika lugha yake kulikuwa na tofauti kubwa kati ya jibu la hapana na kukosekana kwa jibu. Watu wa fani waliweza kubishana juu yake siku nzima. Aliitafuta tofauti hiyo katika lugha ya watu, namna ya kuiweka mkononi mwa mwanamume aliyemzika dada yake, akaikosa.

"Maiti haitoi ushahidi," Erasmus alisema akiinuka. "Baba alinituma nilete neno moja. Nitamwambia nilichokiona. Nimeona karatasi nyeupe." Akamuaga Shamila kwa kichwa, kwa adabu, akatoka. Hakumtazama shemeji yake.

Ngollo alibaki amekaa, mikono katikati ya magoti. "Unaweza kuniandikia hayo ya mtambo kufa?" aliuliza. "Yawe na muhuri."

"Nitaomba," alisema Shamila.

Bwana Raymundi, msimamizi wa kituo, hakuwa mtu mbaya. Yeye ndiye aliyetembea vijiji vyote vya Nzega na Igunga akiwashawishi wenye magari waingie katika mpango, na madereva wengi walimwita baba. Alimsikiliza Shamila mpaka mwisho, akafunga mlango wa ofisi yake, akabaki amesimama dirishani.

"Wafadhili husoma kitu kimoja tu kwenye ripoti," alisema. "Mtambo ulikuwa hewani au haukuwa. Ukiniandikia barua yenye muhuri kwamba ulikufa usiku kucha na mama akafariki, hawatanunua mwingine, Shamila. Watafunga duka."

"Lakini mtu amenyang'anywa mtoto."

"Na barua yako itasema nini? Kwamba alipiga? Hujui kama alipiga. Itasema sisi hatukuwepo, basi. Wakwe watabaki na lao, na sisi tutakuwa tumejichimbia kaburi." Aligeuka, na uso wake ulikuwa wa mtu aliyekwisha kufanya hesabu hii akiwa peke yake. "Ukikifukia kisima kwa sababu ndoo moja imetoboka, kesho watu watakunywa nini?"

Ubaya wa maneno yale ni kwamba yalikuwa na kweli ndani yake. Shamila alirudi mezani akiwa ameyabeba kama jiwe lililofungwa kwenye nguo. Na kwa kuwa hakujua kufanya jambo jingine mbele ya huzuni, aliuliza swali. Safari hii hakuuliza kilichokuwepo. Aliomba kila mahali ambapo mapigo ya mtambo yalikatika, tangu kumbukumbu zilipoanza kuwekwa.

Orodha ilijaza kioo ikateremka chini yake. Nyingi zilikuwa nyakati za mvua, usiku, saa ambazo watoto hupenda kuzaliwa. Kila pengo lilikuwa mlango uliobishwa na nani ajuaye, na hakuna aliyeitika hodi. Mijini watu wangelalamika. Vijijini walikwisha zoea kwamba namba haipatikani, wakawabeba wagonjwa wao kwa baiskeli na machela, na wengine wakawazika, wala haikuwapitikia kwamba kulikuwa na jedwali mahali fulani ambalo lingepaswa kuwaandika. Kwenye ukuta wa ofisi taa ya mtambo ilikuwa ya kijani. Ilikuwa ya kijani daima, kwa sababu mtambo ulipokufa hata taa haikuwa na wa kuiambia.

Na hata mapengo yale yasingedumu. Programu ilipangwa kufuta ya zamani ili kupisha mapya. Hazingepita wiki nyingi kabla usiku wa Julieth haujafutwa, na hata utupu wake usionekane tena.

Jumamosi Shamila alikwenda Choma. Hakumuaga mtu ila mama yake, ambaye alimtazama akijifunga mtandio, akamwambia tu asiache kusalimia kwa heshima, wale ni wafiwa. Alimpigia Ngollo simu kumwarifu. Mtu yule akasema atakuwa stendi ya Nzega wakati wa kurudi kwake.

Basi lilishika njia ya Nzega. Mvua zilikuwa zimekatika na miombo imeanza kuwa na rangi ya kutu. Bibi yake Shamila, mzaa mama, alikuwa mjukuu wa mpagazi, na alizoea kusema kwamba misafara ilihesabu watu mara mbili, wanapofunga mizigo na wanapoitua. Aliyeanguka katikati hakuwa na mahali pa kuhesabiwa, na jamaa zake walimsubiri mpaka nao wakaisha. Shamila alipokuwa mdogo aliona ni hadithi ya kale ya kumtisha mtoto asiende mbali. Sasa aliegemeza kichwa dirishani, akaona njia ileile ikirudi nyuma, lami juu ya vumbi la miguu.

Alimkuta mzee Luhende akinywesha ndama. Shamila alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba, akaletewa kigoda na maji ya kunywa. Mzee hakukaa. Alikuwa mfupi, mkavu, na aliendelea kumimina maji kwenye hori huku akisikiliza habari za mtambo, za mapigo, za simu ambazo hazikuingia. Alipomaliza kumimina aliiweka ndoo chini.

"Umekuja na karatasi?"

"Sikuja nayo, baba."

"Ofisi imekutuma?"

"Hapana. Nimekuja mwenyewe."

"Basi umekuja na mdomo. Mdomo hata Ngollo anao."

"Baba, mimi naamini alipiga. Sina sababu ya kumtetea. Simjui. Lakini mtu asiyepiga asingejua kwamba namba ilikuwa haipatikani usiku ule."

Hoja hiyo aliitunga njiani na aliiona ina nguvu. Mzee aliifikiri, akaitema. "Namba yenu ni lini inapatikana?" alisema.

Ndama mmoja alikohoa. Mzee akamshika masikio, akamsogeza taratibu kwenye maji, na sauti yake ilipotoka tena ilikuwa ya chini.

"Binti, wewe ni mtoto wa watu, na umekuja kwa wema. Lakini sikiliza unachoniambia. Unaniambia mashine ilikufa, mvua ilinyesha, simu haikufika. Unaniambia hakuna mtu. Mimi nimemzika Julieth. Nitalala vipi kama hakuna aliyemuua?"

Shamila alimalizia maji aliyopewa. Alikaa kidogo kwa adabu, kisha akaaga.

Aliyemsindikiza hadi barabarani alikuwa Bernadeta, mke wa mzee, mama yake Julieth. Wakati wote wa mazungumzo alikuwa jikoni, na sasa alitembea mbele kwenye njia nyembamba iliyopita katikati ya mabua ya mtama, mjukuu akiwa mgongoni. Mtoto, ambaye bibi yake alimbembeleza kwa jina walipokuwa wakitoka bomani, alilala, shavu limebanwa kwenye khanga, mdomo wazi. Walitembea mpaka paa za boma zikapotea nyuma yao. Hapo Bernadeta alisimama, lakini hakugeuka.

"Alipiga," alisema.

Shamila alidhani hakusikia vizuri. "Nani, mama?"

"Ngollo. Alipiga. Julieth aliniambia kwa mdomo wake, usiku uleule. Alinipigia. 'Mama, usiwe na wasiwasi, Ngollo amewapata, gari linakuja.' Sauti yake ilikuwa nzuri. Alicheka hata." Aliipandisha khanga begani, ingawa haikuwa imeteremka. "Shemeji yangu anakaa Nzega mjini, ana pikapu. Nilitaka kumwamsha mzee ampigie. Halafu nikasema, gari linakuja, watu wanaamshwa kwa nini? Nikajifunika. Nikalala."

Upepo ulipita kwenye mabua makavu.

"Nililala, mwanangu. Sikuamka hata mara moja. Usingizi kama wa mtoto."

"Mzee hajui?"

"Nikimwambia Ngollo alipiga, ataniuliza nimejuaje." Akaupeleka mkono nyuma, akaugusa mguu wa mtoto uliokuwa ukining'inia. "Na huyu atarudi Lusu. Nitabaki na nini, na mimi?"

Shamila alilitazama jibu alilokuwa akilitafuta. Lilikuwa limesimama mbele yake kwenye njia ya mtama, miguu mitupu, na lilikuwa kamili, halikupungua kitu. Siku zote alidhani ukweli ukipatikana hufanya kazi yenyewe, kama maji yakifunguliwa. Huu ulikuwa ukweli, na hakukuwa na mahali pa kuupeleka. Akienda nao kwa mzee, atamvunja mwanamke huyu mbele ya mumewe, na mwanamke huyu atakana. Akinyamaza, amemzika Ngollo.

"Mama, kwa nini umeniambia mimi?"

Bernadeta aligeuka sasa. Macho yake hayakuwa na machozi. Yalikuwa ya mtu ambaye hajalala tangu usiku ule.

"Kwa sababu wewe unaondoka," alisema.

Stendi ya Nzega ilikuwa na kelele za kawaida za jioni. Ngollo alikuwa amesimama kando ya kibanda cha chipsi, ameshika baiskeli, amevaa shati lililopigwa pasi kama mtu anayekwenda kanisani. Alipomwona Shamila akishuka hakumuuliza kama walimwamini. Pengine alikwisha soma jibu kwenye mwendo wake.

"Umemwona?" aliuliza.

"Nimemwona. Ana afya. Amejaa mashavu."

Akaitikia kwa kichwa, mara nyingi, kama anayepokea maagizo. Basi la Tabora lilikuwa bado halijajaa. Shamila alisimama mbele yake, na maneno ya Bernadeta yakamjaa kinywani mpaka akashindwa kuyameza. Alijua hakupewa ayatoe. Lakini alimtazama mtu yule katika shati lake safi, na akaona ni dhambi kubwa zaidi kumwacha aondoke akidhani hakuna duniani anayejua.

"Kaka Ngollo, mama mkwe wako anajua kwamba ulipiga. Julieth alimwambia."

Alingoja mshtuko, hasira, pengine furaha. Ngollo aliinamisha macho kwenye usukani wa baiskeli.

"Najua," alisema. "Simu niliishika mimi, sikioni kwa Julieth. Mikono yake ilikuwa imekamata kitanda."

Shamila alipaza sauti. "Na hukusema? Ungewaambia wamuulize! Mbele ya wazee, siku ileile walipomchukua mtoto, ungesema tu wamuulize mama."

"Mama mkwe hasimamishwi mbele ya watu na mkwewe, dada." Alisema hivyo kwa upole, kama jambo ambalo mtu wa mjini anaweza kusamehewa kutolijua. Kisha akaendelea kwa sauti ambayo Shamila alilazimika kusogea ili aisikie. "Tena yale maneno ya gari, niliyatunga mimi. Yule mwanamke wa kwenye simu anarudia haipatikani, haipatikani, na Julieth ananitazama usoni. Ningemwambiaje? Nikaitikia simu iliyokatika. Nikasema, ndiyo, Lusu. Ndiyo, nyumba ya pili baada ya mashine ya kusaga. Asante, tunawasubiri. Akatulia. Akasema nimpigie mama yake, ampe habari njema."

Konda alianza kuita abiria wa Tabora. Mtu alipita katikati yao na kuku wawili.

"Mama akiulizwa, atasema aliambiwa gari linakuja, akalala," Ngollo alisema. "Atasema hivyo mbele ya mzee. Atakaa vipi kwenye nyumba ile? Ndiyo nikaja kwenu. Mashine haina aibu wala haina mume. Nilisema ikitoa neno, Ngollo alipiga, basi, yamekwisha. Hakuna haja ya kumuuliza mtu."

Shamila alitaka kumwambia habari za orodha ile ndefu, za nyusiku nyingine zisizo na mistari. Alitaka kumwambia kwamba hakuwa peke yake. Aliona haitamfaa kitu. Alitaka kumwomba msamaha, lakini kwa niaba ya nani? Konda alimwita kwa jina la mtandio wake, dada wa bluu, twende.

"Nitajaribu tena," alisema. Wote wawili waliyasikia maneno yale yalivyokuwa mepesi.

"Asante," alisema Ngollo. Kisha, Shamila akiwa amekwisha weka mguu kwenye ngazi: "Dada. Wamempa jina gani?"

Shamila hakuwa amefikiri kwamba Ngollo hajui. Aligeuka, mkono kwenye chuma cha mlango.

"Kabula," alisema. "Wanamwita Kabula."

"Wa mvua," alisema Ngollo. "Ndiyo. Ilinyesha."

Basi liliondoka taratibu, likizunguka mashimo ya stendi. Kutoka dirishani Shamila alimwona bado amesimama palepale na baiskeli yake, watu wakimkwepa huku na huku. Midomo yake ilikuwa ikicheza. Alikuwa akilirudia jina lile polepole, tena na tena, kama mtu asiye na kalamu ambaye ametajiwa namba, na anaogopa itamtoka kabla hajafika nyumbani.